Saladi ya mtindo wa Tailandi ya kuandaa mapema: kumbukumbu ya mradi

Lengo: mabakuli sita ya saladi kwa nyumba ya watu wawili. Mboga zinakatwa Jumapili, zinaliwa Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, na bakuli la Alhamisi liwe bado linalia menoni.

Msingi ni som tam, ile saladi ya papai bichi ya Isan, kaskazini mashariki mwa Tailandi, na ya jirani zao wa Laos. Yenyewe hupondwa kwenye kinu cha udongo kwa mchi wa mti na kuliwa papo hapo. Mchi unazipasua mboga kidogo ili zinywe mchuzi, na hilo ndilo tusilolitaka hapa, maana mboga iliyopasuliwa Jumapili ni maji matupu Jumatatu. Tumechukua ladha, yaani chumvi, uchachu, utamu na ukali, tukaacha kinu. Mtu wa Isan hataiita som tam, wala sisi hatuiiti hivyo.

Adui ni maji. Anayejua kachumbari amekwisha kuyaona: chumvi na ndimu zikigusa mboga iliyokatwa, maji yanatoka na kutuama chini ya bakuli, mboga inalegea, mchuzi unapooza. Kwa hiyo vitu vitatu havikutani mpaka wakati wa kula: mboga kavu, mchuzi, na karanga.

Vipimo vya mabakuli sita:
- kabichi gramu 400
- karoti gramu 200
- papai bichi gramu 200, likiwa limemenywa na kutolewa mbegu
- pilipili hoho nyekundu gramu 100
- karanga gramu 90
- tango, giligilani (dania) na ndimu tatu, vya kukata siku ya kula

Jumapili: kukata

Kabichi la kilo moja na nusu ni kubwa kwa watu wawili, na hapo ndipo nyumba ndogo hupata hasara. Usilipasue katikati. Kata jani pale linaposhikana na shina, libandue zima, kisha la pili, la tatu, mpaka mizani isome gramu 400. Majani mawili ya juu kabisa, yale magumu ya kijani kizito, weka ya kupika. Kabichi linalobaki halina mkato mkubwa, na likifungwa vizuri kwenye friji linangoja wiki mbili bila shida.

Kata nyuzi za milimita 2 hadi 3 kwa kisu kikali. Zikiwa nyembamba zaidi, sehemu kubwa ya jani inakuwa jeraha na maji yanavuja. Zikiwa nene, mchuzi unateleza juu bila kushika. Kisu butu kinaponda badala ya kukata, na matokeo yake utayaona Jumatano. Mshipa mnene wa katikati ya jani usitupwe. Ndio unaolia kuliko sehemu zote, ila uchongwe mwembamba. Kabichi lililokwisha kukatwa ambalo mama mboga anauza kwenye mfuko ni zuri kwa kukaanga. Hapa halifai, kwa kuwa ni jembamba mno na limeshatoa jasho mfukoni.

Loweka kabichi kwenye maji baridi sana, yenye barafu kama ipo, dakika 10 hadi 15. Jani linakunywa maji na kukakamaa. Lakini hatua hii ina maana tu kama utakausha sawasawa, na kukausha ndiyo kazi inayorukwa na wengi. Chuja, mwaga kabichi kwenye kitambaa cha pamba, kusanya pembe nne, toka nje, zungusha mkono kwa nguvu mpaka kitambaa kiache kurusha matone. Badili kitambaa, rudia. Kisha kamata fungu la kabichi ulibonyeze kwenye tishu: tishu ikilowa, bado.

Karoti zikatwe kama njiti za kiberiti. Kikwaruzo cha matundu madogo kinatoa uji wa rangi ya machungwa, na uji huo unalowesha kila kilicho karibu nao.

Papai liwe gumu, ganda la kijani tupu, mbegu nyeupe. Ukilipasua ukakuta nyama imeanza kuwa ya manjano au ya waridi, liache liive. Limeshaanza kulainika na utamu wake utaharibu uwiano wa mchuzi. Utomvu wake unawasha ngozi, hivyo menya chini ya maji yanayotiririka. Kata nyuzi, loweka dakika 10, mwaga maji hayo, suuza, kamua kwa mkono, kausha kama kabichi. Mjamzito aliweke papai bichi kando. Badala yake ongeza karoti, au tumia embe bichi, ambalo hata Tailandi linatengenezewa saladi ya namna hii. Ukitumia embe, punguza ukwaju kwa nusu.

Papai likae kwenye chombo chake. Hata likikaushwa vipi, linatoa maji kuliko mboga nyingine. Kabichi na karoti vinaweza kukaa pamoja. Chini weka tishu, juu yake mboga bila kushindilia, juu tena tishu, kisha mfuniko. Vyombo viwili vidogo ni bora kuliko kimoja kikubwa, kwa sababu kile cha Alhamisi hakifunguliwi mpaka Alhamisi.

Jumapili: mchuzi na karanga

Yeyusha gramu 45 za sukari guru kwenye mililita 30 za maji ya moto. Ongeza mililita 60 za ukwaju mzito uliochujwa, mililita 45 za sosi ya samaki (maji ya chumvi yatokanayo na samaki waliochachushwa), punje mbili za kitunguu saumu na pilipili mbuzi moja, vyote viwili vimepondwa. Utapata takriban mililita 160. Sukari guru inashika nafasi ya sukari ya mnazi ya kule, na ukwaju hauhitaji kuombewa ruhusa, wanautumia wenyewe. Asiyetaka samaki atumie sosi ya soya mililita 60. Ladha inakuwa nzito zaidi na mchuzi mweusi, lakini unafaa.

Ndimu haiingii kwenye chupa. Maji ya ndimu yaliyolala yanabaki na uchachu, ila harufu imekwenda, na harufu ndiyo iliyonunuliwa.

Chagua karanga kwanza: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, maana kukaanga hakuondoi sumukuvu yote. Kaanga bila mafuta, moto mdogo, dakika 8 hadi 10, ukikoroga bila kuacha. Zipoe kabisa kabla ya kufunika. Zikifunikwa na joto, mvuke unarudi ndani yake na kesho ni laini. Zinakaa kwenye chupa kavu kabatini. Ziponde nusu nusu siku ya kula tu.

Jumatatu

Bakuli moja: mboga gramu 150, mchuzi mililita 25, nusu ndimu, vipande vichache vya tango lililotolewa mbegu, giligilani. Changanya kwa mikono, subiri dakika 5, tia karanga gramu 15, kula. Dakika 5 zinatosha mchuzi kushika; nusu saa ni kachumbari. Nyanya, kama unaitaka, ikatwe sasa hivi, kamwe si Jumapili.

Jumatano

Tishu ya chini kwenye chombo cha papai imelowa. Ya kabichi ina unyevu kidogo tu. Ya papai inabadilishwa. Hoho ndiyo inayotangulia kuchoka, kingo zake zinaanza kuteleza, kwa hiyo katika mpango huu inakatwa nusu Jumapili na nusu leo. Onja mchuzi kabla ya kumimina: kitunguu saumu kilichopondwa kinabadilika kadiri kinavyokaa. Ukiona kimetawala, chuja.

Alhamisi

Kabichi linalia. Papai limepungua nguvu lakini halijalegea. Karoti zimefanya weupe juu. Huo ni ukavu, si kuoza, na mchuzi unauondoa. Kinachotupwa ni mboga yenye utelezi au harufu ya kuchacha.

Yote haya yanategemea friji ya nyuzi 4 hivi. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa inashikilia ubaridi kama saa 4. Mboga zilizokatwa zikikaa nje zaidi ya saa 2 zisirudishwe, na penye joto la zaidi ya nyuzi 32, saa moja.

Ya kubeba kazini

Asiyeweza kubeba chupa tatu afuate njia nyingine. Kabichi gramu 400 linyunyiziwe chumvi gramu 6, lisuguliwe polepole, lingoje dakika 30, kisha likamuliwe kwa nguvu. Maji yanayotoka hapo ndiyo yangeharibu mchuzi baadaye. Usisuuze, punguza mchuzi uwe mililita 15 kwa bakuli, kwa sababu chumvi imeshaingia. Likiwekwa penye ubaridi, linakaa na mchuzi wake tangu asubuhi hadi saa saba mchana bila kuogelea. Mlio wake ni wa achari, mfupi na wenye mnyumbuko, kwa hiyo nyumbani njia kavu inabaki mbele.

Yanayobadilika kwenye awamu ijayo

Kabichi jekundu gramu 100 badala ya sehemu ya kijani, kwenye chombo chake, kwa kuwa likiguswa na ukwaju au ndimu linamwaga rangi ya waridi juu ya papai lote. Papai lipungue hadi gramu 150, karoti zipande hadi 250. Kwa mtu anayeishi peke yake, gawanya mboga kwa mbili lakini mchuzi tengeneza wote: unaobaki, koleza na ndimu, mimina juu ya samaki wa kuchoma.