Siku moja maishani mwangu: leo hedi inarudi kwenye Supra

Saa 11 alfajiri

Nimeamka kabla ya alamu. Hedi, kile kipande cha juu cha injini chenye valvu, ilirudi jana jioni kutoka kwa fundi wa mashine, imeskimiwa yaani uso wake umenyooshwa, siti zinapokalia valvu zimekatwa upya, nimeilaza kwenye meza ya gereji na kuifunika shuka safi kama mtoto mchanga. Siku nyingine zote nahangaika na magari ya wateja ila leo hakuna mteja, leo ni Toyota Supra yangu ya 1989, ile A70 ya taa zinazochomoza, injini 7M-GTE, silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 2954, na tabo moja ya CT26, ile feni ya kusukumia injini hewa zaidi. Nililinunua likiwa limekufa, ndo maana nililiweza.

Saa 12 asubuhi

Kabla ya kugusa spana nasoma daftari. Kila kipimo cha hii injini kipo humo.

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa maji kupungua bila tone hata moja chini, asubuhi moshi mweupe, halafu likaanza kuchemsha kwenye vilima na mwenye gari wa kwanza akawa anaongeza maji anaendelea na safari. Mimi nilipolipata kitu cha kwanza nilipima kompresheni, yaani silinda zinabana hewa kiasi gani: silinda nne za mbele zilitoa kama bar 10 kila moja, ya tano na ya sita bar 4. Mbili jirani zikianguka pamoja namna hiyo akili inaenda moja kwa moja kwenye gasketi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku (mwili wa injini wenye silinda), pale penye ukuta mwembamba katikati yao. Nikatia oili kidogo kwenye hizo mbili kupitia tundu la plagi nikapima tena, hazikupanda, maana yake ringi za pistoni hazina kosa, na siku ile ndo nilijua gari linaokoleka kwa hela niliyonayo. Zingepanda ningekuwa naongelea pistoni na ringi na kuchonga bloku, hesabu nyingine kabisa.

Waliowahi kufungua 7M wanajua habari yake. Kitabu cha Toyota kilisema bolti za hedi zikazwe 78 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), na hiyo ni ndogo kwa injini ya tabo, hasa ukikumbuka bloku ni chuma na hedi ni aluminiamu, na aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Kila ukiwasha na kuzima hedi inasugua gasketi kidogo, miaka inaenda, shinikizo la kushikilia linalegea, halafu siku rejeta ikiziba tu basi gasketi inaungua. Langu lilikuwa na yote mawili, rejeta nilipoifungua mirija ya chini ilikuwa imejaa kutu na matope. Ile nimeibadilisha pamoja na themostati, valvu inayofungua maji yakipata moto, kabla hata ya kuagiza gasketi, kwa sababu gasketi mpya kwenye rejeta ile ile isingemaliza mwezi.

Saa 1 asubuhi

Dogo amefika, ananisaidia leo. Kazi ya kwanza ni kumalizia kusafisha uso wa bloku, injini yenyewe haijatolewa, bloku iko humo humo ndani ya gari. Nageuka nakuta ameshika mashine ya hewa yenye kile kidude cha kusugulia cha duara.

"Braza hii dakika tano tu imeisha."

Nikamwambia weka chini dogo, na nikamweleza kwa nini, maana hili liliwahi kunikuta. Miaka ya nyuma nilisafisha bloku ya mteja kwa kidude hicho hicho, ikatoka nzuri inameta, nikafunga, gari likaondoka, halikumaliza wiki mbili injini ikanoki, ikaanza kugonga. Kumbe vile vidude vinamwaga punje ngumu sana, ni aluminiamu oksidi, zinaingia kwenye njia za oili na kwenye silinda, metali laini ambazo kranki (shafti kuu ya injini) inazungukia zinazimeza na kuanza kusaga kranki. Nililipa injini ile kwa hela yangu na bado yule mteja nikimkumbuka naumia. Kwa hiyo kwangu ni wembe, breki klina na subira, matambaa yameziba kila tundu, mwisho msasa laini umefungwa kwenye kipande cha chuma kilichonyooka, kwa mkono, taratibu.

Imechukua saa mbili na nusu. Dogo hakulalamika hata mara moja.

Saa 3 na nusu

Rula ya chuma na fila geji, vile vikaratasi vya chuma vya kupimia mwanya. Naiweka rula kwa urefu pande zote mbili, kwa upana mbele na nyuma, halafu mshazari mara mbili, na kila mahali najaribu kupitisha karatasi ya 0.05 mm. Haikupita popote, hata pale kati ya ya tano na ya sita nilipokuwa na wasiwasi napo.

Nikampigia mzee aliyeskimu hedi. Shikamoo, marahaba, nikamuuliza gasketi, maana kuna watu wananisukuma niweke ya chuma yenye tabaka tabaka. Akanijibu kwa ufupi: "Kijana, ya chuma inataka uso laini kama kioo juu na chini. Hedi nimekufanyia. Bloku umeniletea?" Sijampelekea, kuipeleka ni kutoa injini nzima na kuivua kila kitu, hela hiyo sina. Na gasketi ya chuma kwenye bloku ambayo haijachongwa mara nyingi inavuja maji hata iwe ya bei gani. Basi tumekubaliana ya kawaida kama ya kiwandani, inasamehe mikwaruzo midogo, ila bolti ziwe mpya na zikazwe zaidi. Mimi sina mpango wa kupandisha presha ya tabo, inabaki kama ilivyotoka kiwandani, na kwa presha hiyo gasketi ya kawaida iliyokazwa vizuri inatosha.

Saa 4 na nusu

Matundu ya bolti. Hapa watu wengi wanapita haraka na mimi nilikuwa hivyo zamani. Nimepitisha tapu ya kusafisha uzi kwenye matundu yote 14 kwa mkono, halafu hewa ya kompresa, halafu tambaa kwenye bisibisi nyembamba mpaka litoke kavu. Maji au oili ikibaki chini ya tundu, bolti inaposhuka haina pa kuipeleka, ile oili haibanwi, inapasua bloku, na hata isipopasua torki renchi, spana ya kupimia ukazaji, inakudanganya, inalia umefika kumbe bolti inasukuma oili badala ya kubana hedi.

Saa 6 mchana

Hedi ndani. Tumeishusha watu wawili, manifoldi ya ekzosti tayari iko juu yake kwa hiyo ni nzito, dogo anaita "shusha, shusha, kulia kidogo" mpaka ikakaa kwenye pini zake bila kuikwaruza gasketi. Sijui kama kuna anayenielewa ila ule mlio mdogo hedi inapokaa mahali pake mimi unanipa raha kuliko mlio wa ekzosti.

Kukaza nimeanza katikati nikitoka nje kwa mzunguko, oili nyepesi kwenye uzi na chini ya kichwa cha bolti: 40, kisha 70, kisha 100 Nm, mizunguko mitatu, na kati ya mzunguko na mzunguko nimeacha dakika kumi gasketi itulie. Dogo anatiki kila bolti kwa chaki. Nimerudia wa mwisho na bolti mbili bado zilisogea kidogo, afadhali nilirudia.

Saa 8 mchana

Tumekula haraka tumerudi. Kamu, zile shafti zinazofungua valvu, ziko ndani, sasa gapu za valvu. Siti zikikatwa upya valvu inazama juu kidogo ndani ya hedi, kwa hiyo gapu linapungua, na hii injini haina skrubu ya kurekebisha, kuna visahani vya chuma, shimu, vya unene tofauti juu ya kila kikombe. Inataka 0.15 hadi 0.25 upande wa hewa na 0.20 hadi 0.30 upande wa ekzosti ikiwa baridi. Kati ya valvu 24, tisa zilikuwa zimebana.

Tisa mpya ni hela. Nilichofanya nimezitoa zote nikapima unene kwa maikromita, nikaandika kwenye daftari ipi ilikuwa wapi na gapu lilikuwa ngapi, halafu nikakaa chini kupanga upya, hii nyembamba iende kule, ile nene ije huku kwenye gapu kubwa. Saa nzima ya hesabu lakini mwisho nimebaki na upungufu wa shimu mbili tu, na hizo ninazo kwenye kopo la spea za zamani. Nilimwonyesha dogo daftari akacheka akasema kama hesabu za shule zingekuwa hivi asingekimbia.

Saa 10 jioni

Taiming belti mpya, alama zote zimekaa, nimezungusha kranki kwa mkono raundi mbili nzima na alama zimerudi pale pale. Tabo nimeirudisha ile ile. Nimeishika shafti kwa vidole: mbele na nyuma haichezi kabisa, pembeni inacheza kidogo sana na mabawa hayagusi nyumba, basi ni nzima. Kilichokuwa kibaya ni bomba la oili linaloilisha, ndani lilikuwa na kaboni ngumu, nimelisafisha mpaka mwanga unapita.

Kule chini kazi ilishafanyika wiki iliyopita. Maji yakiingia kwenye oili yanaanza kula metali za bigendi, pale mikono ya pistoni inaposhika kranki, nilifungua sampu (bakuli la oili chini) nikakuta ya silinda ya sita imeanza kuonyesha shaba, kranki yenyewe bado nzuri, haina ovali wala mikwaruzo ya kushika kucha. Nimeweka seti mpya ya metali, nikapima gapu kwa ule uzi wa plastiki unaobanwa, kila moja karibu 0.04 mm. Kipoza oili nacho nimekiosha mara tatu, matope mengi yanajificha mle.

Saa 1 usiku

Oili mpya, ya bei ya kawaida kwa sababu haitakaa. Nimetoa plagi na fyuzi ya mafuta, dogo anapiga stata sekunde kumi kumi na kupumzika, mpaka taa ya oili ikazima na oili ikaonekana kwenye bomba la tabo nililolilegeza kusudi. Tabo haiwezi kuanza kuzunguka kavu.

Plagi ndani, fyuzi ndani. Ufunguo.

Imewaka mara ya pili. Ya kwanza ilikohoa. Silinda sita zote, mlio ule wa kunyooka wa sita mstari mmoja, hamna misi ya silinda kukosa kuwaka, hamna mlio wa chini. Nilisimama tu nimeshika fenda, dogo ananiuliza kitu sikumsikia.

Saa 2 na nusu usiku

Hita wazi kabisa, kifuniko cha rejeta wazi mpaka themostati ilipofunguka na mapovu yakatoka na kuisha, hayakuendelea, na hiyo ndo dalili niliyokuwa naisubiri maana gasketi ikivuja mapovu hayaishi. Nimefunga. Mshale wa joto umepanda mpaka karibu nusu ukasimama, dakika 30 haujasogea. Moshi mweupe ulikuwepo mwanzo, ni maji yaliyobaki kwenye ekzosti, sasa umekwisha.

Saa 4 usiku

Nimezima, nimemwaga ile oili ya kwanza ikiwa ya moto na kuipitisha kwenye sumaku na kitambaa cheupe. Vumbi jeusi kidogo, hakuna chuma, hakuna povu. Filta mpya, oili nzuri sasa.

Bonneti nimeiacha wazi joto litoke. Kesho injini ikiwa baridi kabisa napitia tena bolti zote 14 kwa 100 Nm, na dogo kasema anakuja saa 12, yeye ndo atashika chaki.