Mwendo wa Mjomba Rwenzori

Tulipofika Nyabitaba, kambi ya wapanda mlima ya Rwenzori nchini Uganda, kama mita 2,650 juu ya usawa wa bahari, mjomba alitaka kesho yake tuendelee hadi kambi inayofuata, John Matte, pamoja na vijana tuliopanda nao kutoka Nyakalengija, kijiji cha chini ya mlima. Nilikataa. Ana miaka 68, anameza dawa ya presha, na kipande hicho humpandisha mtu takriban mita 800 kwa siku moja.

Wengi husema huko juu oksijeni imepungua hewani. Sehemu yake ni ileile, asilimia 21. Kinachoshuka ni mgandamizo wa hewa. Karibu na mita 3,500 kila pumzi huleta kama theluthi mbili tu ya oksijeni unayovuta ukiwa Mombasa. Vihisi vya kwenye mishipa ya shingo hulitambua hilo upesi: moyo unakwenda mbio, presha inapanda, mishipa ya mapafu inajibana, na upande wa kulia wa moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Mzee ambaye mishipa ya moyo wake imeziba kiasi bila yeye kujua, anaweza kulijua hilo mlimani kwa mara ya kwanza. Siku za mwanzo ndizo za kuogopa. Mwili ukipewa muda hujifunza kuvuta hewa zaidi.

Basi tukabaki. Asubuhi tulishuka polepole hadi daraja la Kurt Schafer, tukapanda kidogo kwenye mianzi, tukarudi kulala palepale.

Siku ya kuendelea, kiongozi wetu, Mkonzo (mtu wa kabila la wenyeji wa milima hii) wa bondeni, alimwambia mjomba, "Mzee, tupige hadithi njiani. Ukishindwa kumaliza sentensi, tunasimama." Niliupenda sana utaratibu huo. Dawa ya mjomba hupunguza kasi ya moyo, kwa hiyo kuhesabu mapigo kusingetuonyesha kazi anayoifanya, pumzi ilionyesha. Tulisimama mara nyingi.

Daktari wa Kampala, baada ya kumpima moyo akitembea kwenye mashine, alikuwa ametupa sharti moja kabla ya safari: kifua kikibana, kizunguzungu kikija, au pumzi ikikata akiwa ameketi, kushuka hapohapo, hata kama ni usiku.

Kambini John Matte tulipumzika siku nzima, maana zaidi ya mita 3,000 hushauriwa mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Kisha tukapanda hadi kambi ya Bujuku, karibu mita 3,960. Mjomba alikula vizuri, akalala. Kambi ya Elena na kilele cha Margherita, mita 5,109, tuliwaachia vijana.