MRI ya mgongo wangu inasema nini

Ripoti ya picha hiyo ya ndani ya mwili imeandika: diski ya L5-S1, yaani mto ulio kati ya pingili ya mwisho ya kiuno na mfupa ulio chini yake, imetokeza nyuma, inabana neva ya S1, inayoshuka mguuni, upande wa kushoto. Ya L4-L5, iliyo juu yake, nayo imechakaa kidogo. Mimi ni fundi cherehani. Maumivu hunishuka kutoka kalioni, nyuma ya paja, hadi kisiginoni na kidole kidogo cha mguu. Ndiyo njia ya S1 hasa, kwa hiyo picha na mguu vinakubaliana. L4-L5 hainitishi: wengi wasioumwa popote, hasa waliopita miaka 40, huonekana na diski za hivyo. Daktari ameanza na mazoezi ya viungo, si upasuaji. Ila ganzi ikiingia sehemu za siri, au mkojo ukigoma au ukijitokea, ni hospitali papo hapo. Hata kama ni usiku, jamani, msingoje kuche.