Picha Ninazozitoa Kwenye Video

Siku hizi nikiitwa kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, hapa Moshi naanza na kamera ya video, na picha nyingi za albamu nazitoa humo humo. Wenzangu wa studio wanasema huko si kupiga picha. Kwangu mimi ni kupiga picha, ila kuchagua kumehama: huchagui kwa kidole pale ukumbini, unachagua usiku nyumbani, fremu moja baada ya nyingine, yaani zile picha moja moja zinazounda video.

Jana ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, alipoingizwa, jani la isale mdomoni, ukumbi mzima ulimgeukia yeye. Mimi kamera nilikuwa nimemwelekezea mama wa binti. Alicheka, akainamisha kichwa, halafu akatazama juu kidogo kabla ya kujifuta kwa ncha ya khanga. Kutazama kule juu kumekaa fremu chache tu, na sekunde moja ina fremu 25. Kidole kisingewahi.

Shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, ndiyo inayonisumbua. Kwenye 1/50 ya sekunde video inatiririka vizuri, lakini fremu ukiisimamisha, mikono ya wanaocheza imekuwa ukungu. Nikipandisha hadi 1/200, baadhi ya taa za ukumbini zinaacha michirizi, maana umeme wetu ni wa hezi 50 na taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kwa hiyo nakaa kwenye 1/100. Mwanga unapungua nusu, chembechembe zinaongezeka gizani, navumilia.

Ukubwa nao una mpaka. Fremu ya video ya 4K ni pikseli, yaani nukta za picha, 3840 kwa 2160: megapikseli (milioni za pikseli) 8 hivi. Ukichapisha kwa nukta 300 kila inchi unapata karibu inchi 13 kwa 7. Kwa albamu inatosha kabisa. Ya kutundika sebuleni, hapana.

Picha ya ukoo ndiyo siitoi kwenye video kamwe, hata ningekuwa na pikseli za kumwaga. Pale babu anafunga kifungo cha koti, wajukuu wanavutwa mbele, wote wanatulia wakijua wanapigwa. Utulivu ule wameutoa wenyewe, nami nawapokea kwa kamera ya picha mnato.

Mama wa binti hakutulia kwa ajili yangu, wala hakujua namwangalia. Picha ni nzuri mno, naipenda kuliko zote za jana. Kesho nampelekea aione peke yake, aamue kama inaingia kwenye albamu.