Shaba ya Bezaleli na ujira wa fundi

Wapendwa katika Bwana, somo la juma hili ni Kutoka 31:1-11, na ninatamani hasa ninyi mnaochora, mnaochonga, mnaoshona na kutunga nyimbo hapa Lubumbashi mlisome bila haraka. Mungu anamwita Bezaleli kwa jina lake, anamjaza roho yake, kisha anamkabidhi kazi za mikono za kuitengeneza hema ya kukutania, mahali pa ibada pa Waisraeli jangwani: dhahabu, fedha, shaba, vito na miti.

Sisi tunaoishi katika mji wa shaba tuna sababu ya kulisikia neno hili kwa karibu. Mtazameni fundi wa bamba la shaba akiwa kazini: huchora kwanza kwa penseli, huligonga bamba kwa nyuma mpaka umbo la samaki litokeze, kisha huligeuza na kutia magamba, moja baada ya jingine, kwa ncha ya chuma. Wazazi wengi bado humhesabu kijana huyo kuwa amekosa kazi, kwa sababu hakuajiriwa mgodini wala ofisini. Mimi nasadiki kwamba kazi anayo, na aliyempa ni Mungu.

Tena Mungu hakuwapa wote mkono mmoja. Mwaka 1946, mji huu ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya wachoraji iliyojulikana kama Hangar, naye hakutaka waige picha za Ulaya. Bela alipaka rangi kwa vidole, Mwenze Kibwanga akajenga picha zake kwa mistari mingi mifupi, na Pilipili Mulongoy akajulikana kwa ndege na samaki wake. Kila mmoja alitambulikana kwa kazi yake, na kazi hiyo iliuzwa.

Lakini jambo linalonilemea moyoni ni namna sisi waamini tunavyowatendea watu hawa. Tunamwendea mchoraji au mshonaji wa kanisa tukimwambia, «Ndugu, hii ni kazi ya Bwana», naye anaelewa kwamba hatalipwa, na hata rangi au uzi atajinunulia. Someni sura ya 35 na ya 36 mwone kwamba Bezaleli hakuombwa kuleta shaba yake. Taifa lote lilileta, hata Musa akalazimika kuwazuia, na Kutoka 38:29 inahesabu shaba ya matoleo kuwa talanta 70 na shekeli 2,400. Bwana Yesu naye amesema katika Luka 10:7 kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake. Fundi akipenda kutoa kazi yake kuwa sadaka, na aitoe yeye mwenyewe kwa hiari. Sisi hatuna ruhusa ya kumtolea.

Na wewe ambaye kipawa chako hakijakutosha kwa kodi ya nyumba na karo ya watoto, usione haya kushika kazi nyingine kwa muda. Paulo alishona mahema kule Korintho (Matendo 18:3), na utume wake haukupungua kwa hilo.

Kwaya yetu inahitaji sare mpya. Ninawaomba wazee wa kanisa wamwulize mama anayeshona bei yake kamili, wamnunulie kitambaa na uzi, na wamlipe siku atakapozileta.