Kumbukumbu ya mradi: kuisaka "gh" katika Kirusi cha Wadukhobori wa Kanada

Wiki hii ya sita nimelazimika kufuta karibu nusu ya jedwali langu, na kosa ni langu mwenyewe.

Kwa asiyeufahamu mradi huu, ninasikiliza rekodi za wazee wa Kidukhobori, kundi la Kikristo lenye asili ya Urusi, wa British Columbia, ambao wahenga wao walikataa jeshi, wakachoma silaha zao kule Kaukazi mwaka 1895, na kisha zaidi ya 7,000 wakahamia Kanada mwaka 1899. Kirusi chao kina asili ya vijiji vya kusini mwa Urusi, si Kirusi nilichosomea Moscow. Herufi ambayo mtu wa Moscow huitamka "g" kama ya "gari", wao huitamka "gh" kama ya "ghali", hivyo mji si "gorat" bali ni "ghorat". Sikio langu liliidaka siku ya kwanza, kwani ustadhi wetu wa madrasa kule Tanga alitusumbua na ghaini mpaka ikakaa kooni.

Nilianza na zaburi zao, ambazo zilirithishwa kwa mdomo hadi mtafiti wa Kirusi Vladimir Bonch-Bruevich alipoziandika na kuzichapisha mwaka 1909, nikiamini kwamba matamshi ya kale yamehifadhika humo kuliko kwingine. Katika zaburi moja nilihesabu "gh" na "kh" (sauti ambayo "gh" hiyo huigeukia mwishoni mwa neno) 23, nikafurahi kupita kiasi. Juzi nikakumbuka kwamba hata Moscow neno "Bog", yaani Mungu, huishia kwa "kh", na "Gospodi", yaani Ee Bwana, kwa desturi ya kanisa lilitamkwa kwa "gh". Maneno hayo basi hayathibitishi lolote kuhusu kijiji, na zaburi zimejaa hayo hayo! Nimeyaondoa yote.

Ushahidi wa kweli umo katika maneno ya shambani na jikoni. Moscow, "lug" (uwanda wa majani) na "luk" (kitunguu) hutamkwa sawasawa, yote mawili "luk", na msikilizaji hutegemea muktadha; kusini, "g" ya mwishoni hugeuka "kh", kwa hiyo uwanda ni "lukh" na kitunguu hubaki "luk". Jumanne usiku, katika rekodi ya bibi mmoja anayesimulia majira ya baridi ya utotoni mwake, nilisikia "snekh", yaani theluji, mwishoni mwa sentensi, kukafuata kimya, hivyo hapakuwa na sauti jirani ya kuichafua. Nimeirudia mara nne. Kwangu neno hilo moja lina uzito kuliko zile 23.

Kuhusu "f", ambayo vijiji vya kusini viliigeuza "khv" hata aproni ikawa "khvartuk" badala ya "fartuk", bado sijapata mfano hata mmoja, na sishangai sana, maana wazee hawa walisoma shule za Kiingereza na "f" haiwashindi. Jumamosi nitarudi kwenye rekodi ya yule bibi kusikiliza vitenzi, nione kama "anakwenda" kwake ni "idyot" ya Moscow au huishia kwa "t" laini ya kusini, inayokaribia "ty".