Kabla hujamwita mwenye kituo mlanguzi, piga hesabu hii

Kimbunga kimepita, barabara imekatika, umeme hakuna, na bango la bei kwenye kituo cha mafuta limebadilishwa usiku. Kila aliye kwenye foleni anasema tunaibiwa. Huenda ni kweli, na huenda ni hesabu tu. Ukishindwa kuyatofautisha hayo mawili, lalamiko lako litatupwa na mlanguzi halisi ataendelea kuuza.

Tuseme, kwa fedha yoyote ile, mwenye kituo alinunua lita 10,000 kwa 80 kila lita, akawa anauza 86. Zikiisha zote anakusanya 860,000. Katikati ya mauzo muuzaji wa jumla anapandisha hadi 95, kwa hiyo mzigo unaofuata ni 950,000. Amepungukiwa 90,000, na wenye vituo vidogo wengi hulazimika kulipa kabla lori halijashusha. Ndiyo maana anapandisha hata bei ya mafuta aliyonunua zamani, jambo linalowachukiza watu kuliko yote. Akiuza 101, yaani 95 pamoja na zile 6 zake za siku zote, ataweza kujaza tangi tena. Huyo simwiti mlanguzi. Akiuza 140 wakati ankara yake inasoma 95, hapo hana pa kujifichia.

Ila hesabu hiyo ina upande wa pili, na huo ndio wachache huufuatilia. Kwa zile lita za kwanza alizouza 101 amepata 15 za ziada kila lita, yaani 150,000 kama zilikuwa zote 10,000. Ziada hiyo ni halali iwapo tu, bei ya jumla ikirudi 80, atashuka hadi 86 mara moja ingawa tangini bado ana mafuta ya 95, naye aimeze hasara hiyo. Anayepanda kwa bei ya kesho na kushuka kwa bei ya jana amekula kotekote. Wachumi wana jina la tabia hii, roketi na unyoya: bei hupaa kwa kishindo, kisha hushuka ikipepea. Watu hupiga picha bango siku za foleni, na foleni ikiisha wanaacha. Picha za wiki 2 au 3 baadaye ndizo zenye ushahidi mzito zaidi.

Kwamba maafa hupandisha bei hata bila mwizi yeyote, hilo halina ubishi. Kimbunga Katrina kilipoipiga pwani ya Ghuba ya Mexico tarehe 29 Agosti 2005, visima vya baharini, viwanda vya kusafisha mafuta na mabomba vilisimama kwa pamoja, na wastani wa bei ya petroli Marekani ukavuka dola 3 kwa galoni. Siku chache baadaye nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Nishati zilikubaliana kutoa mapipa milioni 60 sokoni. Mwaka uliofuata tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani ilichunguza bei za kipindi kile, ikakuta mifano 15 iliyoingia kwenye tafsiri ya ulanguzi, katika ngazi za usafishaji, jumla na rejareja. Hata hiyo, karibu yote ingeweza kuelezwa na hali ya soko la eneo husika.

Kimbunga Sandy cha mwaka 2012 kilifundisha jambo jingine. Huko New Jersey, jimbo la Marekani, vituo vingi vilikuwa na mafuta ardhini lakini havikuwa na umeme wa kuyavuta. Jenereta haiunganishwi kwenye pampu kwa waya wa kubahatisha. Inataka swichi ya kubadilishia umeme iliyofungwa mapema, na Florida iliandika hitaji hilo kwenye sheria kwa vituo vipya kabla ya Sandy. Kwa hiyo ukikuta vituo 3 kati ya 10 ndivyo vinavyouza, uliza kwanza kama vile 7 vina umeme. Kuficha mafuta kupo, lakini kituo kilichozimika umeme kinafanana kabisa na kituo kinachoficha.

Na sisi wanunuzi tumo. Magari 10,000, kila moja likiongeza lita 20 kuliko kawaida yake kwa hofu, yamebeba lita 200,000. Hayo ni malori 5 ya lita 40,000 kila moja, juu ya yale ya kila siku, wakati ambapo huenda hata moja halijafika. Mgao wa namba shufwa na witiri, yaani magari kujaza kwa zamu ya siku kulingana na namba zao, kama uliotumika New Jersey baada ya Sandy, hupunguza urefu wa foleni. Hauongezi hata lita moja.

Ukitaka kulalamika, jua kwanza sheria ya mahali ulipo inapima nini. Ya California huweka mpaka wa asilimia 10 juu ya bei ya kabla ya hali ya dharura, na muuzaji anaweza kujitetea kwa kuonyesha gharama zake zimepanda. Ya Florida hulinganisha na wastani wa siku 30 kabla. Ya Texas haitaji asilimia, inasema bei iliyopindukia. Kwa zote tatu, kitu kimoja kitalipa nguvu lalamiko lako: bei ya zamani. Tafuta risiti ya kabla ya maafa, hata ya jirani. Kisha picha ya bango na ya kioo cha pampu, risiti mpya yenye lita, aina ya mafuta, tarehe na saa, na bei za vituo viwili vya karibu siku hiyohiyo. Lalamiko linalosema tu "bei ni kubwa mno" halimsaidii mpelelezi.

Ulanguzi mbaya zaidi, kwa maoni yangu, hauandikwi kwenye bango. Uko kwenye madumu ya kando ya barabara. Dumu lililobonyea kitako halibebi lita 20 hata likijaa hadi shingoni. Lipime kwa mizani: lita 20 za petroli zina takriban kilo 15 bila dumu lenyewe, na za dizeli takriban kilo 17. Ukipata kilo 12 za petroli, umelipia lita 4 za hewa. Uzito hauonyeshi uchakachuaji, maana mafuta ya taa yakichanganywa na petroli tofauti ya uzito ni ndogo.

Baada ya mafuriko, ogopa maji kuliko bei. Maji huingia kwenye tangi la ardhini kupitia vifuniko vya kujazia na mabomba ya hewa, hulala chini kwa kuwa ni mazito, na yakifika kwenye mdomo wa pampu unauziwa maji kwa bei ya petroli. Chota kidogo kwenye chupa safi ya kioo, mbali na moto, uiache itulie dakika 10. Maji yatajikusanya chini na kuacha mstari. Dizeli yenye maji huwa na ukungu na huchukua muda mrefu zaidi kujitenga. Petroli yenye ethanoli, aina ya alkoholi inayochanganywa kwenye mafuta, ni kigeugeu: hunywa maji kidogo bila kuonyesha, kisha ethanoli huteremka pamoja na maji na juu hubaki petroli dhaifu.

Ukikuta lori linashusha mafuta, usijaze wakati huo, kwani uchafu wote wa chini ya tangi uko juu. Na ukishajaza maji, usiwashe gari kujaribu. Lisukume pembeni, tangi likamuliwe kabla maji hayajafika kwenye nozeli za injini.